Nilivyofunguliwa Kwenye Wanga wa Zamu

Bwana asifiwe, ndugu zangu! Asifiwe na ninyi mliokaa, asifiwe na mimi niliyesimama, maana kuna Jumamosi magoti haya yalikataa kabisa kunibeba.

Wengi mnanifahamu. Mimi ni Aikande, fundi cherehani, nakaa hapa hapa Shirimatunda. Nguo za komunyo za watoto wenu zimepita mikononi mwangu. Kazi yangu ni ya kukaa, na nikiinuka ni kwenda jikoni. Mwili ukawa unaongezeka mwaka hadi mwaka, na mimi naupanulia gauni tu, si ufundi ninao mwenyewe! Mwisho magoti yakaanza kuuma. Ikaja kiu isiyoisha. Nikaenda kupima, nikaambiwa nina kisukari. Nikapewa vidonge na nikaambiwa nipunguze uzito. Sikuuliza nipunguzeje. Nilitoka pale na mfuko wa dawa na hofu, ndugu zangu, hofu! Baba yangu aliondoka kwa ugonjwa huo huo, na kabla hajaondoka alikatwa mguu. Nikawa nikitazama mguu wangu ukikanyaga cherehani, naona wa baba.

Sasa, mume wangu ana dada yake, wifi yangu Neema, yuko pale nyuma, msimgeukie. Neema ni mkimbiaji. Watu tunafungua madirisha, yeye ameshapanda mlima na kushuka. Aliniona ninavyohangaika akanihurumia. Akaniambia, "Wifi, mimi nakula wanga kwa zamu. Siku ninayokimbia sana nakula ugali, wali, ndizi, nashiba kabisa. Siku ya kupumzika naacha wanga, nakula mboga, mayai, nyama na parachichi. Jaribu, utaona."

Akaniunga kwenye kundi la wenzake la simu. Kule siku ya wanga wanaiita sherehe, na siku isiyo na wanga wanaiita siku kavu. Nikaanza kwa moyo wote. Na sitawadanganya mbele ya altare hii, uzito ulipungua! Gauni likalegea. Sokoni wakanisifia. Nikafurahi, nikashukuru, nikasema jibu nimelipata.

Lakini kidogo kidogo kile kitu kikawa bwana wangu. Siku kavu nilikuwa siwezi kusali. Rozari iko mkononi, akili iko kwenye sufuria ya wali ya jirani. Siku ya sherehe nakula kama mtu aliyefunguliwa kifungoni, halafu najuta, halafu najiongezea siku kavu nyingine kama adhabu. Neema hakunituma hayo. Ni hofu ndiyo ilinituma. Nikaacha kukaa mezani na mume wangu na watoto. Mume wangu akasema siku moja, kwa upole tu, "Mama, tunakukosa hapa." Nikamjibu kwamba nafanya hivi ili wasinikose kabisa.

Na katika hayo yote vidonge vyangu niliendelea kumeza vile vile, siku ya kula na siku ya kutokula. Nikitetemeka, nikitoka jasho, najiambia mafuta hayo yanaungua. Ndugu zangu, sikumuuliza mtu, na hivyo hakuna aliyenionya!

Jumamosi ile niliyoanza nayo, nilipanda Masama kumsalimia mama. Mama ni mjane, anaishi peke yake kwenye kihamba chetu, shamba la ukoo, kati ya kahawa na migomba. Nilimkuta anapakua mtori.

"Shikamoo, mama."

"Marahaba mwanangu. Kaa, ungali wa moto."

"Mama, leo sili ndizi."

"Unaumwa?"

"Hapana. Leo siyo siku yake."

Mama akanitazama. "Ndizi nayo ina siku?" Hakungoja jibu. Akafunika sufuria, akaanza kufuta meza ambayo haikuwa na uchafu.

Nikajua nimemuumiza. Ili nisikae namtazama, nikachukua panga nikashuka bondeni kumkatia ng'ombe majani. Kule chini unapita mfongo, ule mfereji wetu wa kumwagilia. Nikakata majani kidogo tu, mikono ikaanza kutetemeka. Jasho la baridi likanitoka. Mgomba mmoja nikauona miwili. Nikaita "Mama!" na sauti ikatoka nyembamba kama ya mtoto. Magoti yakaisha nguvu, nikaangukia mfongoni, uso ndani ya maji.

Maji yale hayafiki magotini, lakini mtu asiyeweza kuinua kichwa hahitaji maji mengi.

Mama yangu ana nyonga mbovu. Bonde lile alishaacha kulishuka zamani. Siku hiyo alilishuka kwa kukaa, akijiburuta kwenye udongo mpaka gauni likachanika, mpaka akanifikia, akakishika kichwa changu akakiweka mapajani mwake. Nilimsikia analia, "Ruwa wangu, huyu usimchukue!" Ndivyo tunavyomwita Mungu kwa Kichagga. Kisha akapaza sauti kwa jirani, "Mama Elia! Leta sukari! Leta sukari mbio!" Aliishi na baba miaka yote ile, dalili anazijua.

Mama Elia akaja mbio na sukari na kikombe cha maji. Namshukuru Mungu, nilikuwa bado naweza kumeza. Wakaninywesha taratibu, na ulimwengu ukarudi polepole, kwanza sauti ya maji, halafu uso wa mama.

Gari la jirani likanishusha hospitalini Bomang'ombe. Neema akapigiwa simu, akaja akiwa bado na viatu vya mazoezi, analia. Akamwambia daktari, "Ni mimi niliyemfundisha."

Daktari alikuwa mama mtulivu sana. Akamuuliza, "Wewe unatumia dawa yoyote?"

"Hapana."

"Na unakimbia?"

"Karibu kila siku."

"Basi kwako haina ubaya. Kula wanga zaidi siku ya mazoezi kunakupa nguvu. Ila usidhani zamu ndiyo inayopunguza uzito. Uzito unapungua kwa sababu kwa jumla unakula pungufu ya unachotumia. Anayekula kwa kiasi kila siku naye anafika huko huko. Lakini wifi yako anameza dawa inayoshusha sukari. Akiondoa chakula na dawa ibaki ile ile, sukari itashuka mpaka imwangushe."

Akanigeukia. "Mama, utaweza kuishi hivi mpaka uzee? Leo sherehe, kesho njaa?"

Nikasema, "Siwezi." Na neno hilo likatoka na machozi. Pale kitandani sikuona mwanga wala sikusikia sauti. Nilisema tu, "Bwana, nimechoka kuogopa chakula ulichotupa." Ndugu zangu, nilipata amani! Nililala usingizi ambao sikuwa nimeulala tangu siku ile ya kupimwa.

Sikuja kuwaambia kwamba kisukari kimeondoka. Kipo, na vidonge nameza, ila daktari alivirekebisha na narudi kwake kila anaponiita. Wanga nakula kila siku, fungu dogo la ukubwa wa ngumi yangu, na mboga nyingi. Naamka na Neema natembea, yeye anakimbia mbele halafu ananirudia. Uzito unashuka taratibu kuliko zamani, wiki nyingine haushuki kabisa, na sifi moyo. Jioni nakaa mezani na watu wangu.

Kwa hiyo nasema asante, Mungu wangu! Asante kwa mama aliyejiburuta kwenye udongo, kwa jirani mwenye mbio, kwa daktari asiyenigombeza, na kwa wifi yangu ambaye nampenda kuliko jana.

Na wewe unayenisikia, unayebeba hofu ya mwili wako peke yako, naomba usiibebe tena. Mweleze daktari unakula nini na unameza nini. Mweleze Mungu unaogopa nini. Wote wawili watakusikiliza, mimi nimeona. Na tukitoka hapa, mimi na Neema tunatembea mpaka barabara kubwa na kurudi. Hatumuulizi mtu kilo zake. Njoo ulivyo, tutakwenda kwa mwendo wako.