Kamera ya Koo Isituhame

Mgeni rasmi, Waziri wa Afya wa kaunti yetu, muuguzi wetu Sista Tabsabei, na ndugu zetu wote, chamgei.

UKARIBISHO
Karibu hospitalini Kapsoiyet. Sisi ni wagonjwa wa saratani ya umio ambao kupasuliwa hakutufai tena, pamoja na wanaotuuguza. Risala hii ilianzwa na katibu wetu, mama Taprandich, tuliyemzika Jumamosi. Inasomwa na mumewe, Arap Sigilai. Mkewe alimwonya asiongeze lake, naye anajitahidi.

TULIKOTOKA
Zamani, mgeni rasmi, chai ilitoka jikoni ikaingia mdomoni. Aliyesubiri ipoe alichekwa: "Kwani wewe mzungu?" Tulirudi kutoka kuchuma majani chai tumelowa umande, tukakuta sufuria inachemka na maziwa yetu ya mgando, mursik, yako tayari kibuyuni. Jamani, asubuhi zile! Siku hizi madaktari wanaushuku ule moto wa chai kwa ugonjwa huu. Sisi bado tunautamani.

MAFANIKIO
Mtu hufika hapa hata mate hayapiti. Sista humwekea kooni bomba la waya la kupanua njia, akiongozwa na ile kamera inayoingizwa mdomoni, humpa na dawa ya maumivu. Kesho yake tunamletea kikombe cha maziwa. Wote tunanyamaza, macho kooni kwake, mpaka yafike tumboni. Hapo ndipo vigelegele.

Mzee Mosonik yeye alijificha na tonge la ugali. Likakwama.

"Mzee, si nilikwambia uji?"

"Uji ni wa watoto, Sista!"

Alizibuliwa, akanywa huo uji wa watoto kwa miezi saba, akamwoza binti yake akiwa hai.

CHANGAMOTO
Tumesikia kamera itahamishiwa mjini moja kwa moja. Mgonjwa asiyemeza atasafirije saa tano?

Hapa mwandiko wa katibu umeishia. Kamera ilipopelekwa huko majuzi kutengenezwa, bomba la Taprandich liliziba. Siku kumi na moja hakumeza hata maji. Aliomba chai. Sigilai alimlowesha midomo kwa kitambaa. Inatuuma sana.

MAOMBI
Kupona tumemwachia Mungu. Tunaomba kamera ibaki hapa, Alhamisi zote za kliniki yetu, ili anayeondoka duniani aondoke amemeza.

Mungu akutunzie koo lako na la wanao. Kikombe kilicho mbele yako ni cha Taprandich, na chai tumeipoza. Kunywa, mgeni rasmi. Tutanyamaza mpaka ifike.

Ni sisi,
Kikundi cha Alhamisi, Kapsoiyet