Kurasa Mbili za Kumweleza Anna

Mheshimiwa Diwani, Mkuu wa Shule, Baba Mchungaji, walimu wenzangu, wazazi mliotoka Msangano kwa barabara ile mnayoijua wenyewe, wanafunzi wangu, ndugu wageni waalikwa: wakubwa shikamooni, na wengine habari za mchana.

Mkuu wa Shule amenipa kazi mbili kwa mpigo. Amesema, "Mwalimu Kefa, leo unastaafu, utatuaga, halafu uwaelekeze vijana wa klabu ya uandishi namna ya kuandika muhtasari wa riwaya, maana wewe umeandika riwaya." Nikakubali kabla sijafikiri. Kuaga nitaweza. Hilo la pili, ndugu zangu, sina uhakika nalo hata kidogo.

Riwaya ninayo, kurasa mia tatu na kumi na mbili. Inamhusu Anna, mkulima wa ufuta, ambaye siku moja anafunga begi, anapanda gari hadi Tunduma, anasimama karibu na mpaka wa Zambia hadi jioni, kisha anarudi kwake. Mhariri mmoja wa Dar es Salaam, dada anayeitwa Recho, akaniambia hasomi kitabu kabla ya kuona muhtasari wa kurasa mbili. Nikacheka moyoni. Nani hapa Chitete hajui kwamba mimi ndiye mwandishi wa historia za marehemu? Mmefiwa mkaja kwangu, nami nikayaweka maisha ya mtu mzima kwenye karatasi moja, ikasomwa makaburini, mkasema mwalimu ameandika vizuri.

Basi nikaandika vilevile. Anna alizaliwa Msangano, alisoma hadi darasa la saba, aliolewa, alijaliwa watoto wanne, alikuwa mwanakwaya. Mwisho wa hadithi nikauficha, ili dada apate hamu ya kusoma.

Recho akanipigia simu. "Mwalimu, samahani, huyu mama amefariki?"

Nikamjibu hapana, yu mzima.

"Sasa mbona unamzika? Mimi nataka kujua anataka nini, kinachomzuia ni nini, na anaishia wapi. Mwisho usinifiche, mimi si mteja wa dukani."

Vijana, andikeni hayo matatu, ndiyo somo lenyewe. Ila mimi nilikwama kwenye lile la kwanza. Anna anataka nini? Nimeishi naye kurasa zote zile, nami sijui. Nikazidi kuchanganyikiwa nilipowakumbuka wote niliowaandikia msibani. Yuko hata mmoja ambaye nilisema alitaka nini? Niliandika walikozaliwa na maradhi yaliyowachukua, basi.

Sasa niseme ukweli, maana wengine mnaujua. Anna ni mke wangu, Gwantwa, yule pale safu ya pili. Begi lile lilitoka nyumbani kwetu. Jioni ile alirudi, akawasha moto, akapika. Mimi sikumwuliza kitu, nikaendelea kusahihisha madaftari. Miaka kumi baadaye nikaandika kitabu kizima badala ya kumwuliza, na naona aibu kulisema.

Jumapili nikaandika upya: Anna anataka nyumba yenye amani, hasira za siku moja zinamtoa nyumbani, mwishowe anarudi kwa sababu moyo wake uko pale. Nikamsomea mke wangu akiwa anachambua mboga. Akasikiliza mpaka mwisho.

"Imekaa vizuri, baba Lusungu," akasema. "Lakini huyo anayetaka hivyo ni wewe. Mimi hujaniuliza."

Recho anazisubiri kurasa zake Ijumaa. Sijui nitamwandikia nini, na sijui kama jibu la Gwantwa litanipendeza. Sitamwuliza mke wangu hapa mbele yenu. Lakini kesho, kwa mara ya kwanza katika miaka thelathini na moja, sina kipindi cha asubuhi. Nitakaa jikoni, nitamwuliza siku ile alikuwa anakwenda wapi, na kalamu nitaiacha chumbani.

Asanteni kwa kunisikiliza miaka yote hii. Yeye amenisikiliza kuliko ninyi nyote.