Mpira wa Mwisho wa Verlene Pruitt

Ndugu waombolezaji, Verlene Tuttle Pruitt alizaliwa tarehe 4 Machi 1948 hapa Lubbock, Texas, binti wa kwanza wa mzee Harlan na mama Opal Tuttle, akamaliza sekondari mwaka 1966, na walimu wake wangekuwa hai wangewaambia kwamba raketi aliishika vizuri kuliko kalamu.

Mwaka 1971 alijiunga na mashindano ya tenisi ya wanawake wa kulipwa yaliyodhaminiwa na kampuni ya sigara, maana enzi hizo wanaume walipewa donge nono na wanawake makombo, na kampuni hiyo ndiyo iliyofungua mkoba. Yeye hakuvuta hata siku moja, ila alimtafutia mdogo wake, Joylyn, kazi ya kugawa sigara za bure mlangoni, amevaa gauni la kupendeza, akiwaambia akina mama kwamba sigara ile nyembamba ndiyo uhuru wao, na haikupita miezi Joylyn naye akawa anamaliza pakiti nzima kwa siku. Jambo hilo lilimuuma Verlene kuliko fainali zote alizopoteza.

Aliolewa na Dwight Pruitt tarehe 12 Juni 1976, wakajaliwa mtoto mmoja, Clay, kisha mwaka 1979 goti likamstaafisha, akawa mwalimu wa tenisi. Mwaka huohuo, alipochoshwa na kikohozi cha mdogo wake, alimwita uwanjani.

"Nikikufunga, unaacha sigara."

"Na nikikufunga mimi?"

"Navuta na mimi."

"Dada, una wazimu!"

Wakacheza, mmoja akichechemea, mwingine akikohoa, hadi Verlene akabakiza pointi moja ashinde, na mpira wake ukaanguka karibu na mstari upande wa Joylyn, na kwa kuwa pasipo mwamuzi kila mchezaji huamua mipira ya upande wake, neno lilikuwa la Joylyn. Akautazama, akasema, "Ndani," akampa dada yake ushindi, na tangu siku hiyo hajagusa sigara tena.

Verlene alianza kuugua moyo Januari 2024, akafariki tarehe 9 Mei, akiwa na miaka 76.

Tunawashukuru madaktari, majirani waliotujazia jiko pai za njugu za pekani, walimu wenzake, na yule muuguzi aliyekuja mbio akidhani mgonjwa amezidiwa, kumbe ni kicheko, kwani Joylyn alikuwa ametoka kumwambia, "Dada, ule mpira ulitoka nje," naye akajibu, "Mdogo wangu, niliuona."

Pumzika kwa amani, Verlene, Joylyn yupo hapa mbele, anapumua vizuri.