Sunday Maate Anaacha Sura za Batu, Anabaki na Vivuli

Leo tarehe 28 mwezi wa pili, muzee wetu Sunday Maate anatoka ku kazi kabisa, baada ya miaka makumi mbili na nane mu studio ya patron Achille, bosi wetu, hapa Bwera mupakani, chini kidogo ya soko. Alianza 1998, wakati ya film. Tangu siku ile, ni nani wa Bwera iko na paspoti ao kadi ya shule, na Sunday hajamwambia: "Inua kidevu. Apana cheka, hii si sinema."

Batu mingi banajua Sunday wa paspoti. Bachache banajua Sunday wa saa kumi na mbili ya magaribi. Saa ile anafunga kamera ya kazi, anatoka nyuma ya studio na simu yake, anatafuta jua inashuka ku vilima vya Congo, na mutu yoyote wa kuweka mbele yake. Jua nyuma, mutu mbele. Picha inatoka mbingu nyekundu na mutu mweusi ti, sawa alitengenezwa na makaa. Kivuli tu. Bengine beko na mupira, bengine beko na pombe ya ndizi, Sunday iko na vivuli.

Mimi Magidu nilimuuliza raha iko wapi. Alisema: "We Magidu, mutu wa paspoti ni wa kulalamika tu. 'Umeninyima shingo! Pua hii si yangu, ni ya dada yangu! Mbona nimefunga macho?' Kivuli haifungi macho. Haina jasho, haina pengo mu meno, haijali kama umeoga. Mutu anabaki vile Mungu alimukata na makasi."

Ni kweli, ila pua ya upande, hiyo kivuli haisamehe. Fundi wa baiskeli jirani yetu aliona yake, akanuna wiki nzima.

Siye wote tumesimamishwa mbele ya jua. Patron Achille alipandishwa ngazi na mwavuli, akatoka sawa uyoga. Mimi muuza fremu wa mulangoni nilibebeshwa fremu zangu zote ku mabega, batu banasema ni kipepeo mwenye mimba. Iko na moja ya muchuuzi wa samaki wa Hamukungu juu ya boda, mikia ya samaki imetoka inje pande mbili. Ukiangalia vizuri, boda inataka kuruka.

Lakini kazi kubwa ya maisha yake ni picha ya harusi ya Aimée, binti wa hapa Bwera, mwaka 2004. Aimée alikuwa na bashangazi babili, dada za baba yake, tumbo moja, urefu moja, kiuno moja, makelele moja. Tante Laurentine aliolewa Butembo, kule Congo, senga Feresita aliolewa Kyarumba, huku Uganda; tante ao senga, yote ni shangazi. Kwetu, siku ya kupeleka bibi-harusi kwao bwana, shangazi anatangulia na kitunga, kikapu ya bibi-harusi, ku kichwa. Shangazi mumoja. Sasa hawa ni babili, na kila mutu anasema ni yeye alilea mutoto.

"Wewe ulilea nani?" Feresita alisema. "Kitenge moja ya Noeli, ndiyo kulea?"

"Na wewe ulimulisha muhogo mpaka akasahau nyama ni nini," Laurentine akajibu.

Bazee bakakata maneno: babadilishane kitunga njiani. Amani. Ila kila shangazi akamuvuta Sunday pembeni: "Kitunga ikifika ku kichwa yangu, ndiyo upige." Na patron akamwambia, harusi hii ikiharibika, wewe unarudi kwenu Kasenyi kushona nyavu.

Sasa sikia. Misa ikachelewa. Padri akahubiri sawa iko analipwa kwa saa. Flash ikakufa mulangoni mwa kanisa, na film ikabakia na picha moja. Moja! Bashangazi babili! Musafara ukapanda kilima, kitunga mbele, jua inaingia Congo. Sunday akapiga.

Picha ikarudi kutoka kuoshwa Kasese: mbingu nyekundu, kilima, mwanamuke mweusi ti na kitunga ku kichwa. Sura hakuna. Achille akashika kichwa: "Sunday, umeniua. Hii ni harusi ao ni makaa?"

Asubui ya kesho yake Laurentine akaingia studio, iko njiani kuvuka mupaka. Akaangalia, akasema: "Yesu wangu. Ona shingo yangu!" Akataka kubwa, na fremu. Soko ilipoisha, Feresita naye akaingia. Akapiga makofi: "Hii kiuno, hata bwana yangu amelewa ataijua!" Kubwa, na fremu. Sunday akaagiza kubwa mbili Kasese. Kazi yake ikapona.

Noeli bakatembeleana, bakakuta picha ni ile ile ku nyumba zote mbili. Tulingoja vita. Lakini Laurentine alisema tu: "Dada yangu macho imeanza kukufa, mumuache na picha yake." Na Feresita alisema hivyo hivyo juu ya Laurentine. Mpaka leo kila moja anamuhurumia mwenzake, na kila moja anamutumia Sunday kuku, juu alimuchagua yeye. Ukweli iko na Sunday peke yake. Hata muke wake Yayeri hajaambiwa, na amejaribu njia zote.

Muzee Sunday, aksanti kwa sura zetu zote, za muzuri na za vile Mungu alipenda. Uende salama Kasenyi, kule jua ya asubui inatoka mu ziwa, na bavuvi banasimama mbele yake bila kuombwa. Maisha yako na mama Yayeri ikuwe ndefu na tamu.

Ila leo, ku karamu hii ya kukuaga, bashangazi beko meza ya mbele, moja kuume yako, moja kushoto, na bote babili bameomba useme mbele ya batu ni nani alikuwa na kitunga. Siye bakazi benzako tunakuomba: shukuru, cheka, kamata zawadi yako, panda gari. Na kama kinywa inakuwasha kabisa, tafazali, ngoja kwanza tumalize kula.