Matundu Kumi na Manne

Benchi lenyewe ni ubao mmoja wa mkaratusi uliolazwa juu ya madebe mawili ya mafuta ya msaada, kando ya ukuta wa gereza la zamani la Dzaleka, siku hizi kambi ya wakimbizi hapa Malawi, pale kivuli kinapodumu mpaka saa nne. Mama mmoja, Safi, ndiye anayekitunza kijiwe hicho kwa birika lake la kahawa ya tangawizi na vikombe sita, vitano vina mikono. Wateja wake wa kila siku mnawajua, na kama hamuwajui, basi: kuna Ntirampeba, aliyekuwa akichanja ng'ombe kwao Burundi, wanamwita Dokta naye hakatai. Kuna Gélase, karani wa zamani wa komini, ofisi ya serikali ya huko kwao, wanamwita Komisio kwa sababu jambo lolote, hata sufuria iliyopotea, yeye hutaka liundiwe tume. Na kuna Aboubakar, mtu wa Kindu, mwenye kamyoneti nyeupe, gari dogo la mizigo, wanamwita Nahodha. Jumatatu moja ya Februari 1996, mvua ikiwa imepumzika kidogo, Nahodha alifika mapema, akaegesha gari mbele ya benchi, akaketi bila kusalimu vizuri. Mtu huyo si wa kusahau salamu.

Kilichomsumbua kilikuwa mlango. Tangu Ijumaa mlango wa dereva haukubali kufungika mpaka auinue kwa mikono miwili. Halafu jana, akiosha gari, aliona kitu kingine. Kati ya kabini na karoseri, lile sanduku la mizigo la nyuma, palikuwa na nafasi ya kupitisha ngumi, anaijua miaka yote. Sasa panapita kiganja tu, tena kwa kubana. Gari hilo ndilo alilotoka nalo Buyenzi, kule Burundi, mabaya yalipoanza, Maimouna mkewe mbele, magodoro nyuma, wakaimaliza Tanzania nzima. Ndilo linalolisha nyumba. Na leo saa tatu, kama kila Jumatatu, wanawake kumi na mmoja wangepanda na maharage yao kwenda soko la Kawale mjini, Maimouna akiwa wa kwanza. Aboubakar hakuja kutafuta ukweli pale kijiweni, tusidanganyane. Alikuja aambiwe kwamba si kitu.

— Munisaidie kuwaza, alisema. Mulango inakataa kufunga.

Dokta aliweka kikombe chini, akalitazama gari kutoka mbali, kichwa upande.

— Ilianza lini?

— Ijumaa. Tulikuwa tunatoka Kanengo.

— Inakula vizuri?

— Petroli inakula kama siku zote.

— Na choo?

Safi aliinamia birika lake ili asionekane akicheka.

— Dokta, ile ni motokari, alimwambia.

— Ninauliza moshi, mama. Mnyama akiugua, unamtazama nyuma kwanza.

— Moshi iko sawa, alisema Aboubakar. Tena nimeona nafasi ya kabini na karoseri imepungua. Ngumi haipite.

Kisha Komisio akajikohoza, na Komisio akijikohoza ujue amekwisha pata jibu, swali litafuata baadaye.

— Mimi nimelifikiria hili siku nyingi, alisema. Hapa Malawi wanaendesha kushoto. Kamyoneti ya Nahodha ni ya kwetu, usukani uko kushoto. Kule kwetu dereva anakaa katikati ya barabara, pakavu. Hapa anakaa pembeni, juu ya mtaro. Na barabara zote zinainamia mtaroni. Sasa weka uzito wa usukani, uzito wa mlango, na uzito wa Nahodha mwenyewe, vyote upande wa mtaro, mwaka mzima. Gari litaacha kupinda?

— Mi sina uzito ya kupindisha gari.

— Hata tangu uanze kula nsima, ugali wa hapa?

Aboubakar alitazama tumbo lake bila kutaka. Maneno hayo yalimpendeza, ukweli ni huo. Kama kosa ni la barabara za Malawi, basi hakuna aliyekosa.

— Inaweza kuwa hivyo, alisema.

— Inaweza kuwa kutu pia, alisema Dokta.

Hilo ndilo neno ambalo Aboubakar hakutaka kulisikia.

— Kutu? Kwangu? Dokta, we ulikuwa hapa mwezi wa kumi ao haukuwa hapa?

Alikuwapo. Wote walikuwapo, na wote walikuwa wamekwisha isikia hadithi hiyo mara zisizopungua ishirini, lakini kahawa ilikuwa bado ya moto na saa tatu ilikuwa mbali. Wakamwacha aseme.

— Mi nilinunua gudroni, ile lami nyeusi, nusu pipa kwa bantu ba kujenga barabara pale karibu na Kanengo. Nikalala chini ya gari siku tatu, mugongo kwenye vumbi. Ile shasi, ile mugongo ya chuma inabeba gari yote, iko na matundu chini yake. Nilihesabu kumi na ine. Kila tundu nilichukua kitambaa, nikachovya mu gudroni ya moto, nikaingiza, nikagonga na kijiti. Vile baba yangu alikuwa anaziba mapirogi, mitumbwi ya mto, pale Kindu. Kisha nikapaka chini yote, mara mbili. Baba aliziba mapirogi miaka makumi tatu. Haikuzama hata moja.

— Haikuzama, aliitikia Safi, kwa sababu hapo ndipo huitikiwa.

Na si maneno tu. Kazi ile ilimpa jina la Nahodha, na ilimpa heshima mpaka mjini. Bambo Chimtengo, mchuuzi wa nyanya wa Area 36, aliinama akaitazama kamyoneti kwa chini, akapiga mbinja, akamwita Aboubakar nyumbani kwake amzibie na kamyoneti yake, naye akaiziba. Mmalawi kumwita mkimbizi amfundishe kazi ya gari! Jioni hiyo Aboubakar alirudi kambini akiwa amenyoosha shingo, na Maimouna alimcheka wiki nzima.

— Basi kama nje imezibwa, alisema Dokta, ugonjwa umeanzia ndani. Nimeona ng'ombe ana ngozi inang'aa, anakwenda vizuri, siku moja anaanguka. Ukimpasua, minyoo. Na chuma kina minyoo yake.

— Dawa yake? aliuliza Aboubakar.

— Kumnywesha mafuta ya taa. Lita mbili, asubuhi, kabla hajala.

— Unamnywesha wapi?

— Hapo ndipo pagumu, alikiri Dokta.

Komisio alitikisa kichwa kwa huruma ya msomi.

— Minyoo inatoka wapi, hilo hujasema. Gari hili lilizaliwa Japani. Japani ni kisiwa. Chuma cha kisiwa kimezoea chumvi tangu kikiwa kichanga. Ukikileta huku kwenye nchi isiyo na bahari, kinatamani chumvi, kinajitengenezea chenyewe kwa ndani. Ndiyo kutu.

— Magari yote ya Malawi yametoka Japani, alisema Dokta.

— Na yote yana kutu. Unaona?

Komisio alinywa kahawa kidogo, akageuka akautazama ukuta nyuma yao, na macho yakamtoka kwa wazo jipya.

— Tena Nahodha, gari hulala wapi?

— Pale pale kwenye kona ya ukuta.

— Chini ya yale madirisha ya gereza. Yatazame yale machuma. Miaka mingapi yanaoza pale? Wewe chukua misumari mipya, itupe ndani ya kopo lenye msumari mmoja wa kutu, urudi baada ya mwezi. Kutu inaambukiza. Iundwe tume ndogo, watu watatu, ipime umbali kati ya dirisha na gari.

— Na gari liwekwe karantini, alisema Dokta, aliyependa kuona ugonjwa wake umepata mahali pa kutoka. Siku arobaini, mbali na magari mengine.

Aboubakar alikuwa akiwasikiliza na moyo ukimtulia. Kila nadharia ilipozidi kwenda mbali, ndivyo ilivyoiacha gudroni yake salama. Mtaro, Japani, gereza, vyote vilimfaa. Alimwambia Safi amwongezee kahawa, akaanza hata kutabasamu. Wanawake walikuwa wameanza kufika na mizigo yao vichwani, wakiiweka chini kando ya gari. Maimouna alifika na kitenge chake cha kijani, akaangalia kivuli cha ukuta.

— Aboubakar, saa imefika. Mulango je?

— Nitaishika kwa kamba mpaka Kawale. Komisio anasema ni barabara ya Malawi.

— Komisio njo atakaa upande ya mulango?

Komisio alitazama kahawa yake.

Nyuma ya Maimouna alisimama mwanamke mmoja ambaye benchi halikumfahamu, mtu mzima, mwembamba, na mfuko wa maharage mkononi. Godelive, ndivyo alivyojitaja. Alikuwa amefika kambini Ijumaa tu, kwa kamyoneti hiyo hiyo, na leo alikuwa akirudi mjini kumuulizia dada yake ambaye watu walisema anauza maandazi Kawale. Aliwasalimu wote mmoja mmoja kwa mikono miwili, kama wanavyofanya kwao, halafu akamgeukia Aboubakar.

— Samahani, baba. Leo nimekuja na kikombe changu. Ile pipa ya maji, unafungulia wapi?

— Pipa gani, mama?

— Ile iko chini ya gari. Ijumaa nilikaa nyuma kabisa, juu ya magunia. Kila ukifunga breki ninasikia maji yanakwenda mbele, chini yangu. Ukiondoka, yanarudi nyuma. Mengi. Nikasema hawa watu wamejipanga, wanatembea na maji yao. Nilikuwa na kiu, nikaona haya kuomba.

Dokta aliinama akaanza kuitafuta kandambili yake ambayo ilikuwa mguuni. Safi alibaki ameinamisha birika, kahawa ikajaa kikombe, ikamwagikia ubao.

Aboubakar alielewa kwa mikono yake kabla ya kichwa. Mikono ilikumbuka. Kule chini ya gari, amelala chali, aliyafikia matundu ya chini yote kumi na manne. Lakini shasi ina matundu na juu yake, mgongoni, chini ya karoseri, na huko mkono wake haukufika, akasema si kitu. Kwenye pirogi maji yako nje, yanataka kuingia, unaziba. Kwenye shasi hii mvua zote tangu Novemba zilikuwa zinaingia kwa juu, na milango ya kutokea alikuwa ameifunga mwenyewe kwa kitambaa na kijiti, akaipaka mara mbili.

Alichukua bisibisi, akalala na shati lake la safari kwenye udongo wenye maji, akaingia chini. Wanawake waliona miguu yake tu. Alichokonoa tundu la kwanza. Kitambaa kilipotoka, maji yalikifuata, mekundu kama chai ya rangi, yakampita kwenye mkono mpaka kwapani. Safi alileta ndoo. Ikajaa. Akaleta beseni la kuoshea vikombe. Aboubakar alihamia tundu la pili, la tatu, na kote maji yalitoka, yakinuka kama kisima kilichoachwa.

Halafu aliweka kidole gumba kando ya tundu, pale nyuma ya kabini, akabonyeza. Gudroni ilikuwa nzuri, nyeusi, laini, haina hata ufa. Ilibonyea. Kidole kikaingia mpaka kwenye kiungo, kikaenda kikagusa matope ya chuma upande wa ndani. Pale hapakuwa na shasi tena. Palikuwa na gudroni peke yake.

— Tunapanda? aliuliza Maimouna kutoka juu.

— Hapana.

— Mpaka saa ngapi?

— Hapana, Maimouna. Waambie wachukue mizigo.

Alitoka akaketi kwenye matope, ameegemea gurudumu. Maimouna alichuchumaa mbele yake, akakitazama kile kidole chekundu.

— Ni mubaya?

— Ingekatika. Ule muteremuko ya kushuka darajani, na nyinyi mote juu yake. Ningewamwaga mutoni. Si Japani, si gereza. Ni mi niliiua. Na mukono ya baba yangu.

Maimouna hakumpa pole. Alichukua ncha ya kitenge chake cha kijani, akamfuta uso, na kitenge kikapata doa ambalo halikutoka tena. Kisha akasimama akawaambia wenzake, na wanawake wakaanza kuinua mizigo, wengine wakinung'unika juu ya soko la asubuhi, wengine wakilitazama gari kwa jicho la pembeni na kujishika vifua. Wangetembea mpaka barabara kuu, wakatafute basi.

— Kanengo kuna mafundi wa kuchomelea, alisema Dokta polepole. Wanaweka bamba. Si yote inakufa.

— Labda, alisema Aboubakar.

Alinawa kwenye beseni lile lile, akamwomba Safi kahawa. Safi aliinamisha birika. Halikutoka hata tone, yote ilikuwa imemwagikia ubao. Chini ya kamyoneti maji yalikuwa bado yanatoka, sasa kidogo kidogo, yakichora njia kuelekea miguu ya wale waliokaa. Komisio aliinua yake.

Aboubakar alifunga kamba za viatu, akaitia bisibisi mfukoni. Akauchukua mfuko wa maharage wa Godelive, akaubeba begani.

— Unakwenda wapi, Nahodha? aliuliza Komisio. Huna gari.

— Area 36. Kwa Bambo Chimtengo. Ile yake niliziba kumi na sita.