Profesa Bernadine Wojtasik, Aliyekataa Kuwafungulia Wageni Sebule Peke Yake

Ndugu waombolezaji, majirani wa Mtaa wa Tanner, nanyi wanasheria mliovuka bahari kuja hapa Kessler Bay kumsindikiza mwalimu wenu, mimi ni Martin, mtoto wake wa pili, na familia imenituma niyasome maisha ya mama yetu kama yalivyokuwa, kwa sababu yeye mwenyewe alituonya kitandani, akasema, “Mkinipaka asali siku hiyo, nitaamka niwapinge.”

Bernadine Wojtasik alizaliwa tarehe 9 Machi 1947, hapahapa Kessler Bay, jimbo la Wisconsin, akiwa mtoto wa tatu kati ya watano wa Stanislaw Wojtasik, fundi wa kiwanda cha ngozi, na mkewe Jadwiga. Alisoma shule ya parokia kuanzia 1953 hadi 1961, kisha sekondari ya wasichana hadi 1965, akapata shahada ya historia mwaka 1969, na mwezi Mei 1974 akahitimu sheria, wanawake wakiwa saba tu katika darasa la watu mia na arobaini. Kwenye ofisi ya kwanza alikoomba kazi, bwana mmoja alimtazama juu hadi chini, akamuuliza, “Unajua kupiga chapa?” naye akajibu, “Najua sana, barua ya kukushtaki nitaichapa mwenyewe,” akachukua koti lake akaondoka, na hadi mwaka 1986 akawa wakili wa utetezi wa umma, akiwasimamia wasio na uwezo wa kumlipa wakili.

Alifunga ndoa na baba yetu, Orrin Stadler, fundi wa mabasi ya mji, siku ya Jumamosi, tarehe 18 Juni 1977, wakajaliwa watoto wawili, dada yangu Colette mwaka 1979 nami mwaka 1982, na baba alitutangulia mwaka 2015.

Mwaka 1986 chuo cha sheria kilimwajiri, na tarehe 4 Agosti 1987 alianzisha kozi ya wiki tatu ya kuwafundisha mawakili, mahakimu na waendesha mashtaka wa kigeni namna sheria inavyokwenda Marekani. Siku ya kwanza kila mwaka, mtu aliyezoea nchi ambako sheria yote imeandikwa kitabuni alinyoosha mkono akauliza kitabu chenyewe kiko wapi, naye akacheka akasema, “Unachokitafuta hakimo katika kitabu kimoja, ndugu yangu, nusu yake imo ndani ya hukumu za majaji waliokwisha kufa, tena majimbo yako hamsini na kila moja lina mahakama zake, na juu yake ziko za serikali kuu, kwa hiyo kaa chini, tuna kazi.” Kisha aliwageuza wageni na majirani, jumla kumi na wawili, kuwa jopo la raia wa kuamua kesi, akawafungia chumbani na kesi ya mbwa aliyemng'ata mleta barua, wasitoke mpaka wakubaliane, na mwaka mmoja jaji mzee kutoka Chile alitoka akifuta jasho, akasema, “Profesa, miaka thelathini nimehukumu peke yangu, leo mwoka mikate amenishinda kwa hoja.”

Jumanne ya tarehe 15 Agosti 2006, mama aliwapeleka wanafunzi ishirini na wawili kwenye mahakama ya makosa madogo, wakamkuta Lamar Tolliver, mpishi wa shule, aliyekaa mahabusu siku kumi na moja kwa kuendesha gari bila leseni, akiambiwa akikiri atakwenda nyumbani siku ileile, akakiri, na jaji akapokea bila kumuuliza kama anajua haki anazoziacha, yote kwa dakika mbili. Wakili kutoka Georgia, ile ya milima ya Kaukazi, jina lake Zurab Kvirikadze, alishindwa kujizuia, akauliza kwa sauti, “Hiyo kesi imekwisha?”

“Nani huyo?” jaji akafoka.

“Mgeni wangu, Mheshimiwa,” mama akasema akisimama, “na swali lake ni zuri.”

Walitolewa nje wote. Kesho yake mkuu wa chuo alimwita mama, akamwambia kuanzia sasa wageni watapelekwa kwenye jengo la mahakama kuu na kwenye karamu ya gavana, basi, maana chuo kina jina la kulinda. Mama akamjibu, “Mkuu, mgeni ukimwonyesha sebule peke yake hujamkaribisha, umemficha, nami niliajiriwa kufundisha sheria ya Marekani, sikuajiriwa kuiuza.”

“Bernadine, utaipoteza kozi.”

“Nitaipoteza nikiwa nimeifundisha.”

Baba alipoisikia habari hiyo mezani alisonya, akasema, “Wewe mama, huwezi kunyamaza hata wiki moja?” kisha yeye mwenyewe akawasha gari, akampeleka hotelini kwa wanafunzi wake. Kati ya wale ishirini na wawili, kumi na wanane waliapa na kutia saini maandishi ya waliyoyaona, wengine wakijua balozi zao hazitafurahi, na mwendesha mashtaka kutoka Korea, Bi Noh Eun-ji, alisaini wa kwanza, akisema kwao mtuhumiwa huulizwa, na hapa pia anapaswa kuulizwa. Mama alirudi mahakamani na viapo vile, na tarehe 30 Novemba 2006 kukiri kwa Tolliver kukafutwa na mashtaka yakaondolewa.

Januari 2007 chuo kikamnyang'anya kozi. Agosti ya mwaka huohuo akaifungua upya katika ukumbi wa chama cha waoka mikate, bila cheti wala karamu, wakaja wanane, mwaka uliofuata kumi na tisa, na Bwana Tolliver aliwapikia samaki kila Ijumaa, akiwaeleza kwa kinywa chake dakika mbili zina urefu gani.

Oktoba 2022 madaktari waligundua saratani ya kongosho, wakampa miezi minne, naye akawauliza hukumu hiyo inakatiwa rufaa wapi, akaishi kumi na tatu, na Agosti 2023 alifundisha wiki zote tatu akiwa ameketi kitini. Alifariki Jumatano, tarehe 15 Novemba 2023, nyumbani kwake, akiwa na umri wa miaka sabini na sita.

Familia inawashukuru madaktari na wauguzi waliovumilia ubishi wake, majirani waliozoa theluji mlangoni petu bila kuombwa, waoka mikate kwa ukumbi wao, walimu wenzake wachache waliomsalimia hadharani wakati kumsalimia kulikuwa na gharama, na ninyi wanafunzi wake, ambao tunawaambia kwamba Agosti ijayo Colette atafungua mlango wa ukumbi saa tatu asubuhi, na Jumanne mtakwenda mahakama ya makosa madogo, apende asipende mtu.

Mama, umesema yako na yamesikika. Pumzika kwa amani.