Mama Nukta na Kitufe cha Mizani

Ijumaa ya tarehe thelathini mwezi huu, baada ya miaka thelathini na miwili ya kusahihisha vitabu vya shule katika jumba hili la uchapishaji, Mama Nukta atastaafu. Anaondoka miaka mitatu kabla ya umri wake, kwa barua aliyoiandika mwenyewe. Kamati ya sherehe imeniomba niandike kwa uchangamfu, nisije nikawaharibia wageni hamu ya kula. Nitajaribu, ila sikuahidi. Mimi ni mpangaji kurasa, nimekaa meza inayotazamana na yake kwa muda mrefu kuliko nilivyokaa na mke wangu, na leo sioni cha kuchangamkia.

Alianza kama mpiga chapa. Alitakiwa kunakili miswada jinsi ilivyo, naye akawa anairudisha jinsi ilivyopaswa kuwa. Mwandishi mmoja akaja juu, akamshtaki kwa mhariri mkuu wa siku hizo. Mhariri akaweka nakala mbili sambamba, akasoma, kisha akamhamishia binti huyo chumba cha masahihisho na kumshauri mwandishi ashukuru Mungu. Jina la Mama Nukta alilipatia humo, kwa kuwa aliweza kuitambua koma iliyojifanya nukta akiwa upande wa pili wa meza. Watoto wa kuwazaa ni watatu. Waliojifunza kusoma kwa vitabu vilivyopita mikononi mwake hawana idadi, na wengine leo ni wazazi wanaotusumbua getini wakiulizia vitabu vya wanao.

Kuna mwaka lango letu lilipakwa rangi upya, fundi akaandika kwa herufi nyekundu: “Karibu utuhudumie.” Alikusudia kusema tukuhudumie. Mama Nukta alifika asubuhi, akasoma, akagoma kuingia. Alimwambia mlinzi kwamba kama mgeni ndiye atakayetuhudumia, basi kazi yake imeshapata mtu, bora arudi nyumbani. Akaketi kwenye benchi la mlinzi na bunda lake la kurasa, akaendelea na kazi mpaka fundi rangi alipotafutwa na kuletwa na kopo lake.

Alisoma kwa rula ya mbao. Aliiweka chini ya mstari, midomo ikicheza, silabi baada ya silabi, na akifika mwisho wa ukurasa alirudi juu akisoma mstari mmoja mmoja kinyumenyume. Maana ni tapeli, alituambia mara nyingi. Ukishajua sentensi inakwenda wapi, jicho linaruka. Wahariri walimcheka, kisha wakawa wanamletea kazi zao kwa mlango wa nyuma kabla ya bosi kuziona.

Halafu zikaja laptopu. Mkurugenzi alipiga marufuku kusahihisha kwenye karatasi, akatugawia mashine mpya nyembamba, na muuzaji akatusifia vioo vyake mpaka mate yakamkauka. Vioo hivyo vimebanwa nukta nyingi mno katika nafasi ndogo. Ndiyo maana picha zinang'aa, na ndiyo maana herufi zinatoka ndogo kama ufuta. Mwanamke aliyeitwa Nukta akaja kushindwa na nukta. Ukurasa wenyewe uliweza kukuzwa kwa kubonyeza vidude viwili, lakini kile kidirisha cha kuandikia masahihisho kilibaki vilevile, na kazi yake yote ilikuwa ndani ya kidirisha hicho.

Alijitahidi. Aliegemeza rula yake kwenye kioo. Alivaa miwani juu ya miwani. Binti yake mkubwa alimpeleka kwa daktari wa macho, daktari akasema macho ni mazuri kwa umri wake, naye akatoka amenuna, akidai daktari anamwonea haya. Fundi wa kompyuta aliitwa, akapunguza nukta za kioo. Herufi zikavimba kweli, lakini zikaingia ukungu, koma na nukta zikawa pacha. “Mwanangu, nirudishie vidogo vyangu,” Mama Nukta alimwambia. “Kidogo kinachosema kweli ni afadhali kuliko kikubwa kinachodanganya.” Fundi akarudisha, akafunga mkoba wake, na hatukumwona tena.

Sasa hapa naomba msomaji anivumilie. Kwenye mipangilio ya mashine zetu, ambazo Mama Nukta mwenyewe alisisitiza ziwekwe kwa Kiswahili, palikuwa na kitufe kimeandikwa “Mizani.” Hakuna aliyekigusa. Sisi tunachapisha diwani za mashairi kwa ajili ya shule, na katika nyumba hii hata mfagiaji anajua mizani ni hesabu ya silabi katika mstari wa shairi. Tuliamini mashine inajua kuhesabu silabi. Mama Nukta alifurahi sana, akasema waliotengeneza kitu hiki wametukumbuka washairi, Mungu awabariki, ila yeye mizani anahesabu kwa vidole na hahitaji msaada.

Ndipo kikaja kitabu cha darasa la tatu. Kulikuwa na hadithi ambamo bibi anamshauri jirani yake, na mwandishi alikuwa ameandika: “Msomeshe mwanao, atakusaidia uzeeni.” Neno kusaidia lilikuwa limejaa ukurasa mzima. Mama Nukta akaona “atakufaa” lina utamu zaidi. Akaliandika katika kile kidirisha, pua imekaribia kioo. Kitabu kikatoka mtamboni, kikasambazwa shuleni, kimeandikwa: “Msomeshe mwanao, atakufa uzeeni.”

Mwalimu mmoja alipiga simu kuuliza kama hiyo ni methali mpya. Wazazi walipiga kwa sauti nyingine. Ofisini tulicheka, sitaki kudanganya, kwa sababu sentensi yenyewe inachekesha ukiwa huna mtoto darasa la tatu. Yeye hakucheka. Alikaa na kitabu hicho mapajani siku nzima bila kukifungua, na kabla ya wiki kuisha alipeleka barua ya kustaafu. Nilipomsihi alinijibu bila kuinua uso, “Msahihishaji akishaanza kuua watoto wa watu, apumzike.” Mkurugenzi alikubali barua upesi, kwa masikitiko yaliyopigwa muhuri.

Barua ilikuwa imeshakubaliwa, tena imeshapelekwa bodi, mhasibu wetu alipokuwa anahangaika kutafuta mizania ya mwaka. Ni mtu wa pupa. Aliona “Mizani” kwenye mashine yake, akadhani herufi moja imeanguka, akabonyeza. Kila kitu kwenye kioo kikakua: madirisha, vitufe, maandishi, vyote safi, kingo zimekatwa vizuri, bila ukungu. Akapiga kelele kwamba ameingiliwa na virusi. Tukashuka wote kumtazama, na Mama Nukta akaja wa mwisho, akishikilia reli ya ngazi.

Alitazama kioo cha mhasibu kwa muda mrefu. “Huyu alikuwa anatafuta kipimo cha ukubwa,” alisema polepole, “akaokota neno la sokoni.” Alikuwa anamsahihisha mfasiri asiyemjua, aliyechanganya maana mbili za neno moja la Kiingereza, scale. Akapanda tena juu, nikamfuata. Akabonyeza Mizani kwenye mashine yake, akafungua kidirisha cha masahihisho, akaandika atakufaa. Zile a mbili zilisimama mwishoni pale, bega kwa bega, hata mimi niliziona nikiwa hatua kadhaa nyuma yake.

“Kumbe macho yangu mazima,” alisema. Akavua miwani ya juu, akavua ya chini, akalia. Hakujificha. Alilia kama mtu aliyefiwa, na mimi nilirudi mezani kwangu, nikainamia kurasa zangu.

Mhasibu na mimi tulikwenda kwa mkurugenzi. Alitusikiliza kwa adabu. Akasema maji yakimwagika hayazoleki: nafasi ya msahihishaji imefutwa, na mahali pake imenunuliwa programu ya tahajia. Nikamwomba tuijaribu. Nikaandika mbele yake: “Msomeshe mwanao, atakufa uzeeni.” Programu haikupiga mstari hata mmoja. Mkurugenzi akainama, akasoma, akasema kwa kweli hicho ni Kiswahili fasaha. Tukamshukuru, tukatoka.

Tangu siku hiyo Mama Nukta amekuwa akisoma diwani ya darasa la sita. Miwani ni moja sasa, tena anaivua akitaka. Rula ameiegemeza kwenye kioo, midomo inacheza, na mara mojamoja anacheka peke yake akimkamata mshairi aliyeiba silabi. Sijapata kumwona akifanya kazi kwa raha namna hii. Hataimaliza diwani hiyo. Amefika katikati, na Ijumaa ndiyo hiyo inaingia, na atakayeendelea pale alipoishia hayupo.

Mama, tunakushukuru. Kwa kila aibu uliyotuepusha bila sisi kujua, kwa waandishi uliowafanya waonekane wamesoma, kwa kutugomea langoni tulipostahili kugomewa. Nenda ukapumzike kwa binti yako, usome unachotaka kwa herufi za ukubwa unaotaka, na mtu yeyote asikwambie kwamba macho yako ndiyo yaliyokutoa hapa.

Maandishi haya ni ya kwanza kutoka katika jumba hili bila kupita mikononi mwako. Kamati iliona si heshima mtu kusahihisha kuagwa kwake, kwa hiyo yamepitia kwenye programu. Mwishoni tulikuwa tumekusudia kukutakia maisha mema, kama wastaafu wote. Nakala ikarudi mezani kwangu ikiwa na neno moja tu mahali hapo: Tunakutaka. Programu imelipitisha. Tumelisoma ofisi nzima, mbele na kinyumenyume, hatuoni kosa.